Nilisema Sikuona Kitu

Mwaka 2018 binti yangu alikuwa na miaka 14. Siku moja alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni, akapita moja kwa moja hadi chumbani bila kunisalimia. Sisi ni Wasambaa wa Lushoto. Mtoto hampiti mzazi wake kimya, na hata huku Alabama jambo hilo sijalilegeza. Nikamfuata. Nilimkuta amekaa chini, ameegemea kitanda, begi amelipakata.

"Mama, leo darasani tumesoma lile neno."

Sikuuliza neno gani. Ni lile tusi la Kiingereza la kumdhalilisha mtu mweusi. Ukiwa mweusi ukaishi Kusini mwa Marekani unalijua, hata kama hujawahi kuitwa hivyo usoni. Mwalimu wao alikuwa anasoma riwaya kwa sauti, akafika penye neno hilo, akalitamka kama lilivyoandikwa. Darasa lao lina watoto weusi wawili tu. Wengine wote waligeuza shingo kuwatazama. Hakuna aliyecheka.

"Walikuwa wanasubiri waone nitafanya nini," akaniambia. "Sikufanya kitu, mama. Niliinamia kitabu changu tu."

Riwaya yenyewe ni "To Kill a Mockingbird" ya Harper Lee. Jina lake nilikuwa nimelisikia tangu tulipofika, maana huku inasomeshwa kizazi baada ya kizazi. Ilitoka Julai 1960, mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer, na 1962 ikawa filamu. Mwandishi alizaliwa Monroeville, akafia hukohuko mwaka 2016, na mji huo uko mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Montgomery, jirani na tunapoishi. Nia yangu ilikuwa niende shuleni kesho yake nikawake. Mume wangu akanizuia. "Utakigombea vipi kitabu ambacho hujakisoma?"

Basi tukakisoma, mimi na binti yangu, mezani jikoni baada ya chakula cha usiku, kurasa kumi, siku nyingine ishirini. Kiingereza chake ni cha mashambani Alabama ya zamani. Yeye alinisaidia maneno, na mimi nikamsaidia maisha: mkulima asiye na fedha anayemlipa wakili kwa kuni na gunia la mboga, mtoto anayekuja shule bila chakula wala viatu na hataki kukopeshwa kwa sababu hana cha kurudisha. Hayo ameyakuta kwenye karatasi. Mimi nimekaa nayo dawati moja.

Anayesimulia ni Scout, mtoto wa kike ambaye hadithi inapoanza hajatimiza hata miaka sita. Mji wao, Maycomb, ni wa kubuni. Ni miaka ya 1930, uchumi umeanguka na kila mtu ana shida. Baba yake, Atticus Finch, ni wakili mgane anayelea watoto wawili akisaidiwa na mpishi wao mweusi, Calpurnia. Atticus anapewa kesi ya Tom Robinson, mwanamume mweusi mwenye mke na watoto watatu, anayeshtakiwa kumbaka msichana mweupe aitwaye Mayella Ewell. Mayella ni maskini wa kutupwa. Anaishi nyuma ya jalala la mji na wadogo zake na baba mlevi. Kwenye kona ya ua wao amepanda maua mekundu ndani ya ndoo kuukuu zilizobanduka rangi, anayatunza kama yai. Mwandishi hakumfanya shetani, na nilimshukuru kwa hilo.

Ushahidi mahakamani uko wazi hata kwa mtoto. Mayella alipigwa upande wa kulia wa uso, kwa hiyo aliyempiga anatumia mkono wa kushoto. Baba yake, Bob Ewell, anaambiwa aandike jina lake, anaandika kwa kushoto. Mkono wa kushoto wa Tom ulinaswa na mashine ya kuchambulia pamba alipokuwa mvulana, umesinyaa, umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Anapoapishwa anauweka juu ya Biblia, unateleza na kuanguka. Anajaribu kuuweka tena, jaji anamwambia inatosha. Hapo binti yangu alinyamaza, akausogeza mkono wake wa kushoto mezani na kuutazama.

Kilichonikaa mimi ni swali moja la mwendesha mashtaka. Anamuuliza Tom kwa nini alikuwa akimpasulia Mayella kuni na kumfanyia kazi ndogondogo bila kulipwa. Tom anajibu kwamba alimhurumia, kwa sababu alionekana kujitahidi peke yake kuliko wote wa nyumba ile. Mwendesha mashtaka analidaka jibu hilo kama mwewe, na ukumbi mzima unachafuka. Mtu mweusi amhurumie mweupe!

Nilimweleza binti yangu kwamba sisi tuna neno "pole". Tunampa yeyote: aliyejikwaa, aliyefiwa, anayelima juani, mkubwa kwa mdogo na mdogo kwa mkubwa. Halina cheo. Kazini kwangu, nikimgeuza mzee kitandani akaguna kwa maumivu, neno linanitoka lenyewe, "pole, bibi, pole", ingawa hawalielewi. Na Tom Robinson hakusema zaidi ya hilo. Alisema pole kwa mtu asiyeruhusiwa kumpa pole, na hilo ndilo lililommaliza, kuliko uongo wote wa Bob Ewell.

Sitataka kuupita ukurasa wa kanisani. Calpurnia anawapeleka watoto wale weupe kwenye kanisa lake, kanisa la watu weusi lililonunuliwa kwa mishahara ya kwanza ya watumwa walioachiwa huru. Hakuna vitabu vya nyimbo, na hata vingekuwepo wanaojua kusoma hawazidi wanne. Kwa hiyo mtoto wa Calpurnia anasimama mbele, anausoma mstari, kanisa zima linauimba, anasoma unaofuata, wanaimba. Nilikifunga kitabu nikamwimbia binti yangu jinsi mwinjilisti wetu kule milimani alivyokuwa akitusomea mstari wa wimbo, nasi tukiupokea, bibi zangu wasiojua herufi moja wakiimba tenzi nzima bila kukosea. Halafu watoto wanamuuliza Calpurnia kwa nini akiwa na watu wake anaongea lugha nyingine na si ile ya nyumbani kwao. Binti yangu akacheka, "Ndiyo wewe, mama. Kisambaa kwa bibi, Kiswahili kwangu, na kile Kiingereza chako cha simu." Ni usiku mmoja tuliofurahi na kitabu hicho.

Juri, yaani wananchi wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, ilikuwa ya wanaume weupe watupu. Wanawake wa Alabama hawakuruhusiwa kukaa kwenye juri hadi 1966. Wanarudi ukumbini imepita saa tano ya usiku, na hakuna hata mmoja anayemtazama Tom. Wanamtia hatiani. Baadaye Tom anajaribu kutoroka gerezani na walinzi wanampiga risasi 17.

Binti yangu aliniuliza, "Mama, mle ndani kila mtu anajua Tom hakufanya. Kwa nini hakuna anayesimama?"

"Waliogopa."

"Waliogopa nini? Wao ndio weupe, mji ni wao."

Nikamwambia nimechoka, tutaendelea kesho. Nikatoka nje, nikasimama kwenye ngazi za nyuma gizani kama anayesubiri kitu. Swali lile halikuwa la Maycomb. Lilikuwa langu, na mtoto hakujua.

*

Tulikuja Marekani mwaka 2011 kwa bahati nasibu ya viza. Kazi niliyoipata ni ya kutunza wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwabadilisha pampasi, kuwageuza kila baada ya saa mbili wasipate vidonda vya kulalia. Aliyenifundisha kazi hiyo ni dada mmoja Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Montgomery. Yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kumnyanyua mtu mzima kwa magoti badala ya kiuno. Majira ya baridi ya kwanza alinipa koti lake. Miezi minne alikuwa akinichukua asubuhi na kunirudisha usiku kwa sababu sikuwa na gari, na alikataa fedha ya mafuta. Nilimfundisha neno "dada" na tangu siku hiyo hakuniita jina lingine.

Mwaka 2016 kulikuwa na bibi mmoja mweupe aliyepindukia miaka 80 kwenye wodi yetu. Alikuwa akiweka dola 60 ndani ya bahasha kwenye droo ya kabati la kitanda, za msusi aliyekuja kila Alhamisi. Jumatano moja jioni nilikuwa nasukuma kitoroli cha mashuka kwenye korido. Mlango wa bibi ulikuwa nusu wazi. Mpwa wake, mtu mzima wa suti, alikuwa amechutama mbele ya droo. Nilimwona akiitoa ile bahasha nyeupe, akaikunja mara moja, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Aliponyanyua uso macho yetu yakagongana. Akatabasamu, akanisalimia. Nikaitikia, nikasukuma kitoroli changu.

Alhamisi msusi alikuja, bahasha haikuwepo. Chumba kile siku hiyo kilikuwa cha yule dada.

Msimamizi alituita ofisini mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika aliniuliza kama nimeona kitu chochote kisicho cha kawaida. Alikuwa na fomu mezani na kalamu mkononi. Nakumbuka kucha zake, zilikuwa zimepakwa rangi ya waridi, na moja ilikuwa imemeguka.

"Sikuona kitu," nikasema.

Akaweka alama kwenye kisanduku. Haikuchukua dakika mbili.

Ijumaa yule dada aliondoka na mfuko wa plastiki wenye bakuli lake la chakula na viatu vyake vya kazini. Alipita karibu yangu. Hakusema neno. Alinitazama kwa muda mrefu kiasi cha kutosha, nikajua kwamba anajua.

Kwa miaka miwili nilikuwa na jibu langu tayari. Mahojiano yangu ya uraia yalikuwa yamebaki wiki tano. Mgeni hajiingizi kwenye kesi za wenyeji. Kama ningemtaja mpwa, mweupe mwenye suti, nani angeniamini mimi na lafudhi yangu? Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, na nisipokisema hapa basi sina haja ya kuandika. Niliposikia kwamba analaumiwa, mimi niliyeiona bahasha kwa macho yangu mawili, kuna sauti iliyonipitia kichwani ikisema: hata hivyo, hawa watu wa huku, huwezi kujua.

Sauti hiyo sikuzaliwa nayo. Nimeisikia kwenye sherehe zetu za wahamiaji, pilau ikiwa mezani: wao ni wavivu, wao ni wezi, usiwaache watoto wako wachanganyike nao, Wazungu wakikuona nao watakuhesabu mmoja wao. Nimeitikia kwa kichwa. Nimeongeza na mifano. Watu ambao babu zao walipigwa mijeledi kwenye mashamba haya, na ambao wazazi wao waliandamana hapahapa Alabama ili hata mimi wa Lushoto nikifika nikae kiti chochote cha basi, niliwaita "wao". Nikalivaa koti lake na bado nikamwita "wao".

Na hata kabla ya Marekani, nilipokuwa shule ya sekondari Tanga nikikaa kwa ndugu, fedha zilipotea kabatini. Begi la msichana wa kazi ndilo lililokung'utwa sakafuni mbele ya watu wote, kanga yake, sabuni yake, picha ya mama yake. Mtoto wa kiume wa mwenye nyumba hakuulizwa hata swali. Siku ile pia nilikuwa nimesimama pembeni.

*

Nilirudi ndani, na siku zilizofuata tulimaliza kitabu. Nilianza kukisoma kwa macho mengine. Wengi humsifia Atticus, na anastahili kusifiwa: usiku anakaa peke yake mlangoni mwa jela chini ya balbu, gazeti mkononi, akijua wanaume wanakuja kumtoa Tom wakamuue. Lakini Atticus ni wakili, ana nyumba, ana jina, ni mjumbe wa bunge la jimbo. Mimi nilikuwa namtafuta mtu mdogo. Nikampata kwenye mistari michache ambayo ningeipita: Link Deas, mwajiri wa Tom, anayesimama katikati ya kesi bila kuitwa na kusema kwa sauti kwamba Tom amemfanyia kazi miaka minane na hajawahi kumletea matata. Jaji anamfukuza ukumbini papo hapo. Haikumsaidia Tom. Lakini kila mtu mle ndani alilisikia.

Binti yangu alikuwa na lake. Hukumu ikishatolewa, watu weusi waliokaa juu kwenye roshani wanasimama wote Atticus anapotoka, na Scout anaambiwa naye asimame. Walimu wengi huliona tukio hilo kuwa zuri mno. Yeye alisema, "Tom ndiye anapelekwa jela. Kwa nini hawakumsimamia Tom?" Sikuwa na jibu, na naona hiyo ndiyo kasoro kubwa ya kitabu. Watu weusi wa Maycomb wana heshima, wana subira, wanaleta kuku na nyanya na maharage mlangoni kwa wakili kesho yake asubuhi. Wanachokisema wao kwa wao usiku ule, baada ya kufunga milango yao, hatukisikii.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta nje ya kitabu, kwenye maktaba ya mji, vitu ambavyo nilipaswa kuvijua kabla ya kuapa uraia. Nikakuta kesi ya Scottsboro. Machi 1931, vijana tisa weusi walishushwa kwenye treni ya mizigo Alabama, mdogo wao hajafika hata miaka 14, wakashtakiwa kuwabaka wanawake wawili weupe. Wiki chache baadaye wanane walikuwa wamehukumiwa kifo. Mmoja wa wanawake wale, Ruby Bates, mfanyakazi maskini wa kiwanda cha pamba, mwaka 1933 aliingia mahakamani Decatur akiwa shahidi wa upande wa utetezi, akasema ule ulikuwa uongo. Juri haikumsikiliza. Jaji James Horton aliisoma rekodi ya kesi, akaitengua hukumu, na mwaka uliofuata wapiga kura wakamwondoa kwenye kiti. Ruby Bates nilimfikiria siku nyingi. Alikuwa ameharibu maisha ya watu tisa kwa mdomo wake, halafu akarudi kwa mdomo huohuo.

Nikakuta pia habari za Moses Wright. Agosti 1955, Mississippi, wanaume weupe walimtoa usiku nyumbani kwake mjukuu wa ndugu wa mke wake, Emmett Till, mtoto wa miaka 14 aliyekuja likizo kutoka Chicago, wakamuua. Mwezi uliofuata Wright, mzee wa miaka 64, mkulima wa shamba la mtu, aliitwa mahakamani Sumner na kuulizwa kama waliomchukua mtoto wamo ukumbini. Akasimama, akanyoosha kidole, akawaonyesha. Katika Mississippi ya wakati ule, mtu mweusi kumnyooshea mweupe kidole mahakamani ilikuwa kujiandalia kaburi. Juri iliwaachia kwa saa moja na dakika chache. Wright aliiacha pamba yake shambani, akahamia Chicago. Mzee yule alikuwa na cha kupoteza kikubwa kuliko mahojiano ya uraia.

Oktoba tulikwenda Monroeville, mimi, mume wangu na binti yetu. Barabara inakata misitu ya misonobari, mara inafunguka kwenye mashamba ya pamba iliyopasuka, nyeupe hadi upeo wa macho. Mahakama ya zamani, iliyojengwa 1903, sasa ni makumbusho. Ukumbi wake ndio waliouiga kutengeneza ule wa filamu, na kila mwaka majira ya kuchipua wananchi wa mji huigiza riwaya ile hapo. Tulipanda kwenye roshani. Mbao zinalia ukikanyaga. Nilikaa benchi la mbele nikaweka mikono juu ya ukingo, umelainika kwa mikono ya watu. Kutoka pale unaiona mahakama yote, kila uso, kila mkono. Waliokaa juu waliona kila kitu. Ni kwamba hakuna aliyewauliza.

Na mji huohuo, miaka zaidi ya 25 baada ya riwaya kutoka, watu wake wakiwa wanajivunia kitabu chao, alikamatwa mtu mweusi aitwaye Walter McMillian kwa mauaji ya msichana mweupe. Ilikuwa 1987. Siku ya mauaji alikuwa nyumbani kwake, ndugu na majirani wanakaanga samaki wa kuuza kuchangia kanisa. Kesi ilisikilizwa siku moja na nusu. Juri ilipendekeza kifungo cha maisha, jaji akaamua auawe. Waliojitokeza kusema walikuwa naye siku ile hawakuaminiwa, aliyeaminiwa ni shahidi aliyekuja kukiri kwamba alidanganya. McMillian alitolewa 1993 kwa juhudi za wakili Bryan Stevenson, akiwa amekaa miaka sita na wanaosubiri kifo. Mume wangu aliyasoma hayo kwenye simu tukiwa tumekaa kwenye gari nje ya ile mahakama nzuri. Hakuna aliyetaka kushuka tena kununua kumbukumbu.

Wiki mbili baadaye nilikwenda peke yangu kwenye ukumbusho uliofunguliwa Montgomery Aprili ya mwaka uleule. Kuna nguzo za chuma zaidi ya 800, kila moja ya kaunti moja, zimechorwa majina ya watu zaidi ya 4,400 waliouawa na makundi ya watu weupe kati ya 1877 na 1950. Unapoanza, nguzo ziko mbele ya uso wako. Sakafu inashuka taratibu, hadi unajikuta zinaning'inia juu ya kichwa chako. Kwenye makumbusho yake, hapohapo mjini, kuna rafu za mitungi ya kioo yenye udongo uliochotwa mahali watu hao walipouawa, kila mtungi na jina. Udongo mwingine ni mweusi, mwingine kama mchanga wa pwani. Mmoja ulikuwa mwekundu, mwekundu wa Lushoto kabisa, ule unaoganda kwenye viatu mvua ikinyesha na mama anakukataza kuingia nao ndani. Nilisimama mbele ya mtungi ule hadi mlinzi akaja kuniuliza kama nahitaji maji.

Wakati huohuo binti yangu alikuwa ameshatangulia. Bila kuniambia, alinyoosha mkono darasani, akamwomba mwalimu mbele ya wenzake asilitamke tena lile neno. Kitabu waendelee nacho, neno wote wanaliona lilipoandikwa. Mwalimu aliomba radhi. Nililijua hilo kwa barua pepe ya mwalimu mwenyewe. Nilipomuuliza binti yangu kama hakuogopa, alisema, "Niliogopa. Mkono ulikuwa unatetemeka, nikaushika na mwingine."

*

Nilimpata yule dada kupitia mtu wa kanisani. Alikuwa anafanya kazi jikoni kwenye shule moja. Alikubali tukutane sehemu ya kuegesha magari, Jumapili, baada ya ibada. Hakuniita dada. Aliniita "ma'am", na akabaki na mkono mmoja kwenye mlango wa gari lake.

Nilimwambia yote, mlango nusu wazi, suti, bahasha, na ile sauti ya kichwani pia, kwa sababu nilikuwa nimeapa sitampa nusu. Alisikiliza bila kunikatiza. Akasema alikaa miezi saba bila kazi, akarudi kuishi kwa mama yake. Kila nyumba ya wazee aliyoomba walipiga simu kule, na baada ya simu hakuna aliyemjibu. Akasema, "Nilijua uliona. Ulikuwa huwezi kunitazama." Sikumwomba anisamehe. Nilikuwa nimepanga kuomba, lakini nilipomwona nikaona ningekuwa namwongezea kazi.

Nilimpa karatasi niliyoiandika usiku, ukurasa mmoja kwa Kiingereza changu. Akavaa miwani, akaisoma pole pole, midomo ikicheza. Akafika mwisho, akarudi juu.

"Hujaandika saa."

Nikafikiri. Trei za chakula cha jioni zilikuwa zimeshakusanywa, na taarifa ya habari ilikuwa imeanza kwenye televisheni ya chumba cha jirani. Saa kumi na mbili na nusu. Akatoa kalamu kwenye pochi, nikaiweka karatasi juu ya boneti ya gari lake, bado ilikuwa ya moto, nikaandika saa.

"Na jina lako lote. La katikati pia."

Nikaandika.

Akaikunja karatasi, akaitia ndani ya Biblia yake. "Hii naipeleka mwenyewe kesho," akasema. "Na wewe utakuwa umesimama pembeni yangu. Saa mbili asubuhi."

Nilifika saa moja na nusu.